Mwarobaini upi, sehemu ipi, kwa mwili wa nani?

Jumapili sokoni Kibuye, mjini Kisumu, ukishawapita wauza mitumba na safu ndefu ya omena, unawafikia akina mama wanaouza dawa za miti. Mmoja wao alikuwa ametandaza gunia lake chini ya mwavuli uliopauka. Juu yake palikuwa na magome yaliyofungwa kwa kamba, majani makavu ndani ya vipande vya gazeti, na chupa za soda zilizojaa maji meusi kama chai iliyosahauliwa mekoni. Pembeni kabisa vilikaa vichupa vya mafuta ya kahawia yanayonuka kama kitunguu saumu kilichokaa sana. Nikamwuliza hizi ni dawa za miti mingapi.

"Mmoja tu, nyathina," akasema, yaani mwanangu kwa Kijaluo. "Yote ni mwarobaini."

"Unatibu nini?"

Akacheka. "Niulize usichotibu."

Nilinunua majani ya shilingi hamsini nikaondoka, lakini vile vichupa vilinifuata hadi nyumbani. Mtu akiuliza kama mwarobaini ni salama, hapa kwetu hujibiwa kwa mojawapo ya njia mbili. Wa kwanza atasema ni kitu cha asili, hakiwezi kudhuru. Wa pili, mara nyingi aliyevaa koti jeupe, atasema ni uchafu unaoharibu ini, achana nao. Wote wawili wanaongea kana kwamba kuna kitu kimoja kiitwacho mwarobaini. Lakini pale guniani nilihesabu vinne: jani, gome, maji ya kuchemshwa na mafuta ya mbegu. Kati ya jani la kuogea na mafuta ya mbegu pana umbali mkubwa, sawa na ule ulio kati ya chumvi ya mboga na chumvi ya betri.

Tuanze na jina, maana nalo limechangia. Arobaini ya Kiswahili haijawahi kuwa hesabu ya kalamu na karatasi. Siku za mwizi ni arobaini, lakini hakuna askari anayezihesabu. Mzazi hutoka arobaini, na msiba nao huwa na arobaini yake. Ni namba ya kusema "nyingi hadi zikatosha". Kwa hiyo aliyeuita mti huu mwarobaini aliusifu tu. Hakuwa ameandika orodha ya magonjwa. Ni sisi tuliokuja baadaye tukaanza kuijaza orodha: malaria, taifodi, kisukari, vidonda vya tumbo, presha, nguvu za kiume, na yeyote mwenye ugonjwa usio na jina akaongezewa nafasi.

Mti wenyewe asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani. Wataalamu wa mimea huuita Azadirachta indica, na uko katika ukoo mmoja na mkangazi. Kwa Kisanskrit ni nimba, kwa Kihindi nim, na wazee wa Kigujarati wenye maduka katikati ya mji wa Kisumu huuita limdo. Simulizi inayokubalika ni kwamba uliletwa Afrika Mashariki na Wahindi katika karne ya 19. Reli ilipofika ukingo wa ziwa mwaka 1901, palipoitwa Port Florence kabla ya kurudi kuwa Kisumu, familia za Kihindi zilifuata na maduka yao, viungo vyao, na dawa zao. Nao mti ukakuta kila unachopenda: joto, jua kali, na ukame ambao miti mingine huukimbia.

Katika Ayurveda, ule utabibu wa kale wa Kihindi, nimba si dawa ya kila mtu. Ladha yake ni chungu, tabia yake ni baridi, nyepesi na ya kukausha, kwa hiyo hupewa mwenye joto jingi mwilini, mwenye ngozi iliyowaka, mwenye majipu na vipele. Aliyekonda, mnyonge, mwenye ngozi kavu na usingizi wa shida, tabibu wa Ayurveda humwepusha nayo au humpa kidogo akiichanganya na kitu cha kuipunguza makali. Katika baadhi ya majimbo ya India watu hula majani au maua yake machache pamoja na sukari guru siku ya mwaka mpya, ili mwaka uanze kwa uchungu na utamu kwa pamoja. Machache, mara moja kwa mwaka. Mti ulivuka bahari, masharti yake yakabaki bandarini. Sisi tulipokea majani bila maelezo, tukaanza kuyachemsha kwa sufuria.

Sasa, kabla hujachemsha chochote, hakikisha ni mti wenyewe. Hili linapuuzwa sana, na ndilo ninaloliogopa kuliko mengi. Upo mti mwingine, Melia azedarach, uliopandwa sana Kenya kwa kivuli na urembo, kwenye viwanja vya shule na kando ya barabara. Ni binamu wa mwarobaini, majani yake ni machungu vilevile, na watu wengi huuita mwarobaini bila wasiwasi wowote. Matunda yake ni sumu. Mtoto akiyala hutapika, huharisha, hupepesuka kama mlevi, na akizidisha anaweza kufa. Nguruwe nao huuawa nayo.

Kuwatofautisha si kazi ngumu. Chuma jani zima pamoja na uti wake, si kijani kimoja, yaani jani dogo moja. Kwa mwarobaini wa kweli, katikati kuna uti mmoja, na vijani vimejipanga huku na huku kama unyoya wa kuku, kila kimoja kimepinda kidogo kama mundu na kingo zake zina meno ya msumeno. Kwa binamu yake, uti huo hutoa vitawi, na vitawi ndivyo vinavyobeba vijani, yaani unyoya uliozaa manyoya mengine. Ukikuta maua, mambo ni rahisi zaidi: ya mwarobaini ni meupe yenye harufu ya asali, ya binamu ni ya zambarau. Matunda ya mwarobaini ni marefu kidogo kama zabibu ya kijani-manjano, huiva na kuanguka. Yale ya binamu ni mviringo kama gololi na hung'ang'ania matawini hata majani yote yakishapukutika. Mwarobaini hupenda joto la nyanda za chini kama huku ziwani. Ukiwa Nakuru, karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na jirani akakuonyesha "mwarobaini" uliostawi vizuri kwenye baridi hiyo, angalia jani mara mbili kabla ya kumwamini.

Majani yangu ya Kibuye yalikuwa yamekauka na kuvunjika. Nilikaa nayo mezani robo saa nikitafuta hata kijiti kimoja kilichosalia na meno yake ya msumeno. Nilikipata. Lakini nilijiuliza, anayenunua unga uliosagwa atatambua kwa nini?

Tukishakubaliana juu ya mti, lije swali la sehemu. Mwaka 1959 huko Sudan, mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, Heinrich Schmutterer, aliona nzige wa jangwani wakishuka na kumaliza kila kijani, isipokuwa mwarobaini. Walitua juu yake, lakini hawakula. Mwaka 1968 wakemia nchini Uingereza walitenga kutoka kwenye mbegu zake kitu kilichopewa jina azadiraktini. Kitu hiki humfanya mdudu asusie chakula, na akikila huvuruga homoni zinazomwezesha kujivua gamba na kukua, hivyo hufia njiani kabla hajawa mzima. Ni kazi ya ajabu, na huku kwetu imetumika vizuri: kituo cha ICIPE, shirika la utafiti wa wadudu, kilichoko Mbita, ng'ambo ya ghuba, kilishughulika na mwarobaini katika miaka ya 1990, ambapo kokwa zilizosagwa zilitumika kukinga mimea shambani dhidi ya wadudu. Hata ile kesi maarufu ya hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ambapo Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilitoa haki kwa kampuni ya W. R. Grace na wizara ya kilimo ya Marekani mwaka 1994, ikaifuta mwaka 2000 na kuithibitisha hukumu hiyo mwaka 2005, ilihusu mafuta ya mwarobaini ya kuua kuvu kwenye mimea. Watu huitaja kama kesi ya dawa ya binadamu. Ilikuwa kesi ya shamba.

Azadiraktini imejaa zaidi kwenye mbegu, na mafuta hutoka kwenye mbegu. Hapo ndipo vile vichupa vya kahawia viliponitia baridi.

Mapema miaka ya 1980, madaktari wa Malaysia waliandika katika jarida la Lancet kuhusu watoto wadogo walioletwa hospitalini baada ya kunyweshwa mafuta ya mwarobaini. Walikuwa wamepewa na watu waliowapenda, kwa ajili ya mafua na magonjwa madogo ya kawaida. Kipimo chenyewe kilikuwa kidogo. Mililita tano, yaani kijiko kimoja cha chai, ziliwahi kutosha kumdhuru mtoto. Katika muda wa saa chache watoto walianza kutapika, kusinzia na kupumua kwa kasi, halafu degedege. Damu yao ilikuwa imejaa asidi na ini limejaa mafuta. Si wote waliopona.

Fikiria jambo hilo likitokea katika kijiji cha Siaya au Nyando. Mtoto ana homa, anapewa kijiko cha mafuta, baada ya saa tatu anashikwa na degedege. Nani atasema ni mafuta? Kila mtu atasema ni malaria imepanda kichwani, na huenda akaongezewa kijiko cha pili. Ndiyo maana sina lugha ya kulainisha hapa: mafuta ya mwarobaini hayanywewi. Si kwa mtoto, si kwa mtu mzima, si kidogo, si ya kuchanganywa na asali. Ni ya kupaka. Na mtoto akishayanywa kwa bahati mbaya, usimtapishe wala usimpe maziwa ukisubiri. Shika pikipiki, nenda hospitali na kichupa chako mkononi, useme wazi alichokunywa na saa ngapi.

Jani na gome ni habari nyingine, tulivu zaidi, lakini nazo zina vipimo vyake. Watafiti wa Kolkata waliwahi kuwapa wagonjwa wenye asidi nyingi tumboni dondoo la gome la mwarobaini, miligramu 30 mara mbili kwa siku kwa siku 10, na asidi ikapungua kwa asilimia 77. Wagonjwa walikuwa wachache, kwa hiyo sikupi kama dawa ya vidonda vya tumbo. Nakupa kwa sababu ya ile namba. Miligramu 30 ni punje. Inakaa kwenye ncha ya kisu. Linganisha na chupa ya soda ya maji meusi iliyochemshwa kwa magome ambayo hakuna aliyeyapima, kwa muda ambao hakuna aliyeutazama, halafu unaambiwa unywe glasi asubuhi na jioni "mpaka upate nafuu". Huwezi kusema utafiti umeithibitisha chupa hiyo. Umethibitisha kitu kingine kabisa chenye jina lile lile.

Kwenye meno na ngozi mti huu unastahili sifa yake. Wazee wetu waliotafuna kijiti chake kama mswaki walikuwa na hoja. Majaribio kadhaa ya maji ya kusukutulia yenye mwarobaini yameonyesha utando wa meno ukipungua na fizi zikitulia, ingawa mengi yalikuwa madogo na ya muda mfupi. Sukutua, tema. Kwa upele, ule unaowashwa usiku na kuambukiza nyumba nzima, madaktari wawili wa India walipaka wagonjwa 814 mchanganyiko wa majani ya mwarobaini yaliyotwangwa pamoja na manjano, wakaripoti mwaka 1992 kwamba asilimia 97 walipona kati ya siku 3 na 15. Hapakuwa na kundi la pili lililopewa dawa ya kawaida ili kulinganisha, kwa hiyo tuipokee namba hiyo kwa mkono mmoja. Lakini ni dawa ya bei ya bure, ya kupaka, na mama yeyote anaweza kuijaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono aone kama ngozi inawaka. Mimi mwenyewe majani yangu ya shilingi hamsini yaliishia hapo, kwenye maji ya kuoga. Yalinipa ngozi tulivu na bafu lenye rangi ya kijani ambayo bado naisugua.

Malaria sasa. Huwezi kuandika kuhusu dawa yoyote katika eneo la ziwa ukakwepa malaria.

Mantiki ya mtaani ni nzuri kuliko inavyodhaniwa. Kwinini ilikuwa chungu. Klorokwini ilikuwa chungu kiasi kwamba mtoto alishikwa na watu wawili. Zote mbili zilitibu malaria. Mwarobaini ni mchungu kuliko zote, basi utashindwaje? Na maabara, kwa kiasi, zinaiunga mkono: vitu viwili vilivyomo ndani yake, gedunini na nimbolidi, huua vimelea vya malaria ndani ya chupa ya majaribio. Tatizo ni kwamba ndani ya chupa hiyo hata sabuni itaua. Kinachotakiwa ni kitu kinachopita tumboni bila kuharibika, kiingie kwenye damu kwa wingi unaotosha, kiue kimelea, na kimwache mgonjwa hai. Mpaka hapo, chai ya mwarobaini haijathibitishwa kwa binadamu kwamba inaponya malaria. Inaweza kumtoa mtu jasho akahisi homa imeshuka, na nafuu hiyo ya uongo ndiyo hatari, maana malaria ya falsiparamu, ile aina kali zaidi, humgeuka mtoto kutoka kwenye homa hadi kupoteza fahamu kwa siku moja au mbili.

Wanaodhani kwamba sayansi inadharau miti wamkumbuke mama mmoja wa China, Tu Youyou. Artemisinini, mzizi wa vile vidonge vya malaria vya AL tunavyopewa kwenye zahanati, ilitoka kwenye mmea uliotumika China kwa zaidi ya miaka elfu moja. Alipoanza kuuchunguza, matokeo yalikuwa yakiyumba. Akarudi kwenye maandiko ya kale, akaona yanasema mmea uloweshwe na kukamuliwa maji yake, moto haukutajwa. Kumbe joto la kuchemsha ndilo lililokuwa likiiharibu dawa. Akabadilisha njia, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Mmea ulikuwa ule ule. Tofauti ilikuwa sehemu, njia na kipimo. Mwarobaini bado haujapata mtu wa kuumalizia safari hiyo kwenye malaria, na mwenye homa leo hawezi kumsubiri. Apimwe, akikutwa na malaria ameze AL, na akitaka ajifukize na majani ya mwarobaini jioni kwa raha zake.

Limebaki swali la mwili. Mama mjamzito asiunywe, wala anayetafuta mimba. Kwa panya mafuta na dondoo zake zimezuia mimba na kuziharibu changa, na kwa panya dume zimepunguza uwezo wa kuzalisha, kiasi kwamba India iliwahi kuyachunguza mafuta hayo kama njia ya uzazi wa mpango. Hili huwashangaza wanaonunua ile chupa kwa ajili ya nguvu za kiume. Mwenye kisukari naye awe macho: majani hushusha sukari, na ukiyapandisha juu ya metformini, glibenklamidi au insulini, sukari inaweza kuanguka ghafla hadi mtu azimie. Si kwamba haufanyi kazi. Unafanya, juu ya dawa nyingine ambayo nayo inafanya.

Kisha kuna jambo ambalo wengi wetu tunalibeba bila kujua. Katika sehemu zilizoishi na malaria vizazi kwa vizazi, huku kwetu tukiwemo, baadhi ya watu huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Huishi salama mpaka wakutane na kitu kinachopasua chembe zao nyekundu za damu. Imewahi kuripotiwa kwamba mtu wa aina hiyo alipungukiwa damu vibaya baada ya kunywa chai ya mwarobaini. Ukinywa kisha ukaona mkojo umekuwa wa rangi ya kola na macho yamekuwa ya manjano, usingoje.

Na ukifika kwa daktari, sema. Najua kwa nini watu hawasemi: wakitaja mitishamba hufokewa mbele ya foleni nzima. Mimi nimewahi kufokewa hivyo. Ni kosa la anayefoka, kwa sababu mgonjwa anayefokewa leo kesho atanyamaza, na daktari atatibu ugonjwa ambao nusu yake hauoni.

Kuhusu vidonge na unga wa kwenye madebe mazuri yenye picha ya mti, sitakaa sana. Dondoo hufanya dozi iwe kubwa kuliko jani, na baadhi ya dawa za Kiayurveda, zile za tawi linalotumia madini, hutengenezwa na metali kwa makusudi. Mwaka 2004 watafiti waliopima bidhaa 70 za Kiayurveda zilizouzwa madukani eneo la Boston, Marekani, walikuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Kwa hiyo tafuta usajili wa Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya. Jina la bodi hiyo, kwa njia, limeweka dawa na sumu kwenye kibao kimoja, na anayeuza mwarobaini angefaa kulibandika juu ya gunia lake.

Jumapili iliyofuata nilirudi Kibuye. Nilimweleza yule mama habari za kijiko cha mafuta, nikijiandaa kwa ugomvi. Hakubishana. Aliniambia mafuta hayo yeye huwapaka mbuzi kwa kupe na wajukuu kwa vipele, hajawahi kumnywesha mtu. "Lakini wanaonunua," akasema, "mimi najuaje wanaenda kufanya nini?" Akanipa kalamu ya wino mzito aliyoazima kwa muuza mitumba, akasukuma vichupa mbele yangu. Nikaandika YA KUPAKA TU kwenye vichupa kumi na moja. Wino uliteleza kwenye vitatu kwa sababu ya mafuta. Hivyo akaviweka kando, nyuma yake, vikauke kwanza.